Meli Yenye Ubavu wa Mkoma

Wengi waliomjua kaka yangu Akol walimjua siku ambayo wasingependa kumjua, kwa sababu yeye ndiye aliyetengeneza majeneza katika mtaa wetu wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Alifariki Februari mwaka huu kwa ugonjwa wa ini, akiwa na miaka hamsini na moja. Jeneza lake lilitengenezwa na wanafunzi wake. Watu wa kanisa letu wameniuliza fundi asiye na cheti aliwapata wapi wanafunzi. Ilikuwa hivi.

Tulifika Kakuma kutoka Sudan ya Kusini mwaka 1992, yeye kijana, mimi mtoto aliyeshikwa mkono. Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne. Yeye alijifunza useremala kwa kuangalia, akatengeneza vitanda na milango, na watu walipozidi kufa, majeneza. La mkewe alilitengeneza mwenyewe. Baada ya hapo nilihamia kwake nikampikia yeye na watoto. Hakuwa msemaji, lakini jambo moja alilirudia mara nyingi: alitaka siku moja mtu amwite fundi kwa kazi isiyokuwa ya msiba.

Mwaka 2021 shule moja ya ufundi ya Lodwar ilitafuta mwalimu msaidizi wa useremala. Mkuu wake, Mwalimu Longor, alikuja kambini kutazama mafundi. Akol hakuwa na karatasi yoyote ya kumwonyesha. Longor akatoa boksi garini. Wafadhili walikuwa wameiletea shule vipande vya kuunda meli ndogo ya mbao, mfano wa meli za zamani za matanga, na hakuna aliyejua pa kuanzia.

“Mzee, iunde hii, uniletee Lodwar kabla ya Pasaka,” alisema. “Huo ndio mtihani wako.”

Ndani ya boksi mlikuwa na mchoro, uzi, vitambaa vya matanga, milingoti mitatu na mafungu ya fito nyembamba za kufunika ubavu. Maelezo yalikuwa ya Kifaransa. Jirani yetu Zéphyrin, fundi cherehani kutoka Kongo, ndiye aliyetusomea.

“Banasema uloweke mbao mu maji ya moto, dakika makumi mbili, kisha uikunje polepole.”

“Maji hayo watanipa wao?” Akol akauliza.

“Hapo hawakuandika, kaka.”

Bomba letu lilifunguliwa kwa muda wa saa mbili tu kila asubuhi. Tulipunguza maji ya kuoga. Akol alizoea milango, sasa kazi yake ilikuwa ya kushikwa kwa ncha za vidole. Alikata fito kwa wembe na kuzibana kwa vibanio vya nguo mpaka gundi ikauke. Mifupa ya meli iliposimama bila ngozi, Apua, mama wa Kiturkana aliyetuletea kuni, alitua mzigo wake, akaitazama, akatoa salamu ya kwao.

“Ejok, Akol. Hiyo mbuzi yako, ni njaa iliua?”

“Bado iko hai.”

“Mbavu zote ziko nje! Mchinje leo, kesho hatafika.”

Ubavu wa kulia ulimalizika. Fito za ubavu wa kushoto aliziloweka, akazikunja, akazifunga kwa kamba ili zikauke zikiwa na umbo lake, kisha akazianika juu ya paa la bati. Usiku huo mvua ilinyesha kidogo, na kuni za uani zikalowa; fito alikuwa amezifunika kwa nailoni. Kulipokucha Akol alipanda kwanza, akazifunua fito na kuzigeuza, akarudi ndani kuomba. Mimi nilitaka kunywa chai kabla ya ibada ya asubuhi. Katika nyumba zetu, vijiti vilivyo juu ya paa ni vya kuwashia moto. Hakuna anayeuliza. Nilivichukua.

Akol alitoka nikiwa namimina.

“Helen, fito zangu ziko wapi?”

“Fito gani?”

“Za juu ya bati.”

Nikatazama jiko. Naye akatazama jiko.

“Zote?”

“Zote.”

“Basi nipe hiyo chai,” akasema.

Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla ya safari ya Lodwar. Nilifunga na kuomba kwa siku mbili. Siku ya tatu Apua alisikia habari, akacheka mpaka akakaa chini. Kesho yake alileta vikonyo vya majani ya mkoma, mtende wa porini, kutoka mtoni.

“Chukua. Hii tunajengea nyumba. Haivunjikangi.”

Akol alivipasua, akavikwangua kwa kipande cha kioo vikawa vyembamba kama zile fito. Vilipolowekwa dakika ishirini vilikataa kukunjika. Akaviacha majini siku nzima, vikakubali. Ubavu ukafungika, lakini rangi yake ilikuwa nyeusi kuliko ya ubavu wa pili. Nilimletea rangi ya kahawia.

“Paka yote, hawataona.”

“Mahali nilipounga sijawahi kupaka rangi,” alisema. “Hata kwa marehemu.”

Tulipata kibali cha kusafiri, tukaenda Lodwar Jumatano kabla ya Pasaka. Mimi ndiye niliyepakata meli. Mwalimu Longor aliigeuza juu ya meza ya karakana, akapitisha kidole gumba.

“Upande huu una nini?”

Nilifungua mdomo, lakini Akol alinitangulia.

“Nilianika fito juu ya paa, mahali pa kuni. Zikaungua.”

Longor akacheka. “Hata kwa mama yangu zingeungua.” Kisha akaacha kucheka. “Lakini Mzee, mtihani ulikuwa kufuata mchoro na vitu vya boksi. Siwezi kuandika kwamba umefuata.”

“Ni kweli,” Akol alisema, akaanza kuifunga meli katika shuka.

“Ngoja. Huu mkoma uliukunjaje? Ukikauka ni kama chuma.”

“Nipe maji nikuonyeshe.”

Alikuwa amebaki na vikonyo vitatu katika mfuko, na kimoja, alichokiloweka tangu jana, kilikuwa bado kibichi. Wanafunzi walisogea, akawapasulia vipande. Mmoja alikivuta kipande chake kikavunjika.

“Umekilazimisha,” Akol akamwambia. “Kishike tu. Kikianza kulegea utasikia kwenye kidole. Haya, wewe uliyeko nyuma, njoo.”

Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile. Longor alisimama mlangoni mwa karakana karibu saa nzima, mikono nyuma. Halafu alikwenda ofisini, akarudi na barua ya kuombea kibali kipya, cha mtu anayeishi Lodwar kwa kazi. Ilikuwa ya Kiingereza. Akol akanipa niisome.

Nikasoma jina lake, na kabla ya jina, neno pekee la Kiswahili: Mwalimu. Nikaendelea mpaka sahihi.

“Rudia,” akasema. “Polepole.”