Yatokanayo na Kikao Kilichopita

Katika mkoa wote wa Morogoro, wala sitanii, mimi peke yangu ndiye niliyewahi kuwa katibu wa kikao cha kamati ya wilaya ya chama cha wakomunisti wa Bangladeshi. Nilikiandikia muhtasari katika ghorofa ya kumi na moja, Ladywood, Birmingham, nikiwa nimevaa aproni ya plastiki. Anayebisha aje nyumbani. Nyumba yangu ni ile yenye vigae vyekundu, huhitaji kuuliza mara mbili. Stashahada yangu ya Uongozi wa Biashara iko sebuleni juu ya televisheni, ndani ya fremu, mahali ambapo mgeni hawezi kuikwepa.

Sikupelekwa Uingereza na mjomba wala mchumba. Nilijipeleka. Asubuhi niliogesha wazee majumbani mwao, jioni nilisoma chuo, Jumapili nilikuwa katibu wa ushirika wetu wa waumini wa Kiswahili, ambao kwa miaka miwili ulikuwa umegawanyika pande mbili: waliotaka ibada saa nane na waliotaka saa kumi. Wenzangu walisema tuko kule kubeba boksi, yaani kazi za kibarua. Sawa, nilibeba boksi, lakini juu ya boksi niliweka kitabu.

Mzee wa Ladywood alikuwa mtu wangu wa saa mbili asubuhi. Alikuwa mwembamba, mwenye ndevu nyeupe zilizopunguzwa vizuri, na moyo ambao daktari alikuwa amemwambia asiutegemee sana. Aliniita Ma, kwa sababu kwao Wabengali mzee humwita binti mama, sawasawa na sisi. Mimi nilimwita Mzee. Siku aliyojua natoka Tanzania alinishika mkono wenye sabuni.

"Nchi ya Ujamaa! Ma, kwa nini hukusema?"

"Mzee, Ujamaa ninaoukumbuka mimi ni foleni ya sukari."

"Foleni ni hatua ya mpito," akasema, akafumba macho nimwoshe uso.

Alikuwa anaandika historia ya chama chake. Madaftari kumi na manne yalikuwa chini ya kitanda, kwa mwandiko mdogo, na kwa kuwa mikono ilikuwa inatetemeka, nilikubali kumchapia tafsiri ya Kiingereza kwenye kompyuta yangu, yeye akisema na mimi nikichapa, nusu saa kila siku baada ya chai. Nilijifunza mengi. Alizaliwa katika India ya Mwingereza, akajiunga na chama katika Pakistani, na nchi yake sasa ilikuwa Bangladeshi, na katika muda wote huo kijiji chao hakikusogea hata hatua moja. Chama kilipigwa marufuku, kikajificha ndani ya vyama vingine, wanachama wakaingia jela na kutoka. Kisha Moscow na Peking wakagombana, na wakulima wa wilaya yao, ambao hawakuwahi kuuona mji wowote kati ya hiyo miwili, wakalazimika kuchagua.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Ma, ule ushirika wenu wa kanisa umegawanyika kwa sababu gani?"

Nikaendelea kuchapa.

Daftari la kumi na nne lilikatika katikati ya ukurasa. Kwa wiki tatu alinisomea sentensi ileile ya mwisho kisha akafunga daftari. Mwishowe nikamuuliza.

"Hapo ndipo waliponifukuza," akasema. "Kamati ya wilaya. Tulikuwa wajumbe watano. Walinifukuza kwa kukosa vikao vitatu mfululizo bila taarifa."

"Ulikuwa wapi?"

"Jela."

"Jela kwa kosa gani?"

"Kwa kuwa mwanachama."

Sababu ya kweli, alisema, ni kwamba wenzake wanne walikuwa wamechagua Peking na yeye Moscow, lakini kanuni haikuruhusu kumfukuza mtu kwa mawazo, basi wakatumia mahudhurio. Tangu hapo hakuweza kuandika. Historia ya chama huandikwa na mwanachama. Aliyefukuzwa akiandika, hayo ni malalamiko. Hakuogopa kufa, aliniambia huku akivalishwa soksi, ila hakutaka kufa akiwa amefukuzwa.

"Wajumbe waliokufukuza wako wapi?"

"Watatu wamekufa. Mmoja yuko Newtown."

Nilidhani nimesikia vibaya. Newtown ni mwendo wa nusu saa kwa mguu. Mtu yule alikuwa ndiye katibu wa kamati wakati ule, na daftari la mihtasari analo mpaka leo. Walikuwa wameishi jiji moja tangu ujana bila kuongea. Wakikutana sokoni, mmoja aligeukia samaki, mwingine vitunguu.

Hapa lazima nijisifu, maana hakuna mwingine atakayenisifu. Mtu asiyesoma angemwambia mzee yule asamehe na asahau. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye mtihani wa Uendeshaji wa Mikutano siku nne tu zilizopita, na kabla ya hapo nilikuwa nimekaa kwenye kamati tisa za harusi, Mikocheni mpaka Mbezi, nikitunza muhtasari. Niliona jambo moja tu: hapa kuna kikao ambacho hakijaitishwa.

Nikaandika barua. Kumbukumbu namba, tarehe, YAH: kwa herufi kubwa, ajenda tano. Jumamosi nikaipeleka Newtown kwa mikono yangu. Aliyenifungulia alikuwa mzee mnene mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye paji la uso. Aliisoma barua akiwa amesimama mlangoni, akairudia.

"Nani ameandika hii?"

"Mimi."

"Miaka arobaini," akasema, "huyu bwana ananitumia matusi kupitia watu. Leo ndiyo mara ya kwanza ametuma barua yenye kumbukumbu namba." Akashusha miwani ya pili. "Akidi ni wangapi?"

"Nusu ya wajumbe walio hai."

"Niko hai mimi peke yangu. Nusu yangu inakubali kuja. Nusu nyingine inataka kwanza akiri kosa."

"Nusu zote mbili zije," nikamwambia, "zitajadiliana hukohuko."

Alhamisi alikuja. Lifti ilikuwa mbovu, akapanda ngazi za ghorofa zote kumi na moja akiwa na daftari kubwa lililofungwa kwa mfuko wa plastiki na kamba ya katani. Alipoingia hakusalimu. Mzee wangu, niliyemvalisha koti na tai, naye hakusalimu. Nikafungua kikao.

"Ajenda ya kwanza, mahudhurio."

"Naomba ieleweke," alisema wa Newtown, "kwamba huyu bwana amehudhuria kama mwalikwa."

"Naomba ieleweke," alisema wangu, "kwamba kikao kiko nyumbani kwangu na kiti alichokalia ni changu."

Nikaandika yote mawili. Kisha nikaomba muhtasari wa kikao kilichopita. Wa Newtown akafungua kamba polepole, akausoma kwa Kibengali huku akinitafsiria. Ulikuwa muhtasari mzuri, nakiri. Namba zilipangwa, hakuna maneno ya ziada. Kipengele cha sita: mjumbe fulani, vikao vitatu, bila taarifa, afukuzwe.

"Sikutoa taarifa?" Mzee wangu akapiga meza na chai ikamwagika. "Nilimpa askari wa gereza saa yangu ya mkono apeleke barua! Saa ya baba yangu!"

"Barua ilifika."

Mzee wangu akamgeukia.

"Ilifika siku mbili baada ya kikao," wa Newtown akasema. Aligeuza kurasa mpaka nyuma kabisa, akatoa bahasha ndogo, ya kahawia, iliyokunjwa mara nne. "Barua husomwa kikaoni. Nilikuwa nasubiri kikao kijacho niisome. Wiki iliyofuata chama kiligawanyika, na kikao kijacho hakikuwepo."

"Kwa hiyo umekaa nayo."

"Mimi ni katibu. Ningeifanyia nini?"

Nilimwangalia Mzee wangu. Alikuwa anaifuta ile chai iliyomwagika kwa mkono wa koti. Ndipo likanijia swali, na hadi leo sijui mwalimu wangu yeyote ambaye lingemjia upesi vile.

"Komredi," nikamwambia wa Newtown, "kama kikao kijacho hakikuwepo, muhtasari huu ulithibitishwa lini?"

Akaangalia chini ya ukurasa, mahali pa sahihi. Palikuwa patupu.

"Muhtasari ambao haujathibitishwa na kikao kinachofuata," nikasema kwa sauti ile niliyojibia mtihani, "ni rasimu. Na rasimu husahihishwa. Hapa si pa kurudishiana uanachama. Huyu hajafukuzwa bado."

Wa Newtown alivua miwani yote miwili. Alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu ulikuwa umemshika shati. Mwishowe akachukua kalamu, akafuta neno moja na kuandika jingine juu yake, nasi tukasikia kalamu ikikwaruza: badala ya *bila taarifa*, *kwa taarifa*. Akatia sahihi. Kisha, bado ameinama, akasema, "Karibu kikaoni, Komredi."

Nilitegemea machozi. Nilikuwa nimeshaandaa tishu. Lakini Mzee wangu alikuwa amekunja uso, anahesabu jambo kichwani.

"Ngoja," akasema. "Kamati hii ilikwenda upande wa Peking."

"Kwa kauli moja."

"Kwa hiyo kwa miaka arobaini nimekuwa mjumbe wa kamati ya Peking?"

"Mjumbe halali," alisema wa Newtown, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake.

"Ma, andika! Najiuzulu! Leo hii!"

Nikaandika barua papo hapo, akaitia sahihi kwa mbwembwe kama mtu anayefungua daraja. Hakufukuzwa, amejiuzulu: hilo angeweza kuliandika kwenye daftari la kumi na nne. Akaisukuma barua mezani. Wa Newtown akaisoma, akaikunja mara nne, akaiweka nyuma ya daftari pamoja na ile ya gereza.

"Imepokelewa," akasema. "Itasomwa kikao kijacho. Lini?"

"Alhamisi," nikasema, kwa kuwa zamu yangu ya Alhamisi ilikuwa ndefu.

Barua ile haikujadiliwa Alhamisi iliyofuata. Walibishana kuhusu ugawaji wa ardhi mpaka wali ukapoa. Alhamisi ya pili ilisukumwa mpaka Mengineyo, na muda ukaisha. Niliwaachia mfano wa ajenda nilipomaliza chuo na kurudi nyumbani kujenga. Historia ilifika daftari la kumi na saba, nusu yake ikiwa na masahihisho ya mwandiko mwingine pembeni.

Mwaka uliofuata sanduku langu la posta lilikuwa na bahasha kutoka Birmingham. Ndani mlikuwa na muhtasari wa karatasi moja, kwa mpangilio wangu mimi, namba kwa namba. Waliohudhuria: mmoja. Wasiohudhuria kwa taarifa: mmoja, taarifa ni cheti cha kifo. Yatokanayo: barua ya kujiuzulu ya mjumbe. Kikao kimeona mjumbe mhusika hayupo kuitetea, hivyo imeahirishwa, naye anaendelea kuwa mwanachama.

Niliusoma nikiwa nimesimama palepale posta, nikitafuta kosa la utaratibu. Halikuwepo. Chini, mahali pa sahihi ya katibu, wa Newtown alikuwa ameniachia wazi. Nikaomba kalamu dirishani, nikatia sahihi, na chini yake nikaandika stashahada yangu kwa ukamilifu kama nifanyavyo siku zote, kisha nikaurudisha kwa rejista siku hiyohiyo.