Hesabu iliyosubiri mpaka majani yakaoza

Saa tisa alasiri, mvua imetulia kidogo juu ya Chepseon. Katika kituo cha kupimia majani ya chai, wakulima wamepanga foleni, vikapu mgongoni. Mmoja mmoja wanamwaga majani juu ya turubai, wanayapekua kwa vidole na kutupa yaliyokomaa, ndipo wanasogea kwenye mizani.

Pembeni, kwenye benchi la mbao, Dorine Chelimo ameweka kompyuta yake magotini. Haitazami sana. Macho yake yako kwenye njia inayoteremka kutoka nyumbani kwao.

Dorine, 31, huandika programu za kompyuta katika kampuni ndogo mjini Kericho. Programu inayorekodi kilo kwenye mizani hii ni kazi ya mikono yake. Ndiyo hiyo hiyo iliyoharibu majani ya kituo kizima siku moja mwaka jana, yakiwemo ya mamake mzazi, Esnah. Tangu siku hiyo mama huyo hajakanyaga hapa. Majani yake huwauzia mabroka kando ya barabara, kwa bei ya kutupa.

"Hajawahi kunigombeza," Dorine anasema. "Heri angenigombeza."

Programu hiyo imeandikwa kwa lugha ya kompyuta ambayo ndani yake kila kazi huwa fomula ya hesabu, na lugha yenyewe ni mvivu: haipigi hesabu mpaka mtu aulize jibu. Mkulima akipima, haijumlishi. Inaweka ahadi ya kujumlisha. Mara nyingi tabia hiyo inafaa, kwa sababu jibu lisilohitajika halimchoshi mtu.

Siku ile, msimu ukiwa wa majani mengi, ahadi zilirundikana tangu asubuhi. Karani alipoomba jumla ili lori la kwenda kiwandani liondoke, kompyuta ilijaribu kuzitimiza zote kwa mkupuo, kumbukumbu yake ikajaa, ikazima. Bila jumla, lori haliruhusiwi kutoka. Majani yalilala kwenye magunia, yakapata joto, yakawa mekundu. Kiwanda kiliyakataa yote.

"Nilipata mama nyuma ya hiki kituo akimwaga magunia," Dorine anakumbuka. "Alikuwa amechuna akinyeshewa. Nikashika gunia upande mwingine tukamwaga pamoja."

Kuna kinga dhidi ya balaa kama hilo. Kabla programu haijaanza kazi, chombo kinachoitafsiri kwa mashine huchunguza ni hesabu zipi lazima zitahitajika, ili zipigwe papo hapo. Tuuite uchanganuzi wa ulazima. Hufanyika bila kilo hata moja kupimwa.

"Situmii kilo za ukweli," Dorine anaeleza. "Natumia alama mbili tu: hii itafika, ama hii haitafika kamwe. Halafu nauliza fomula, nikikunyima hii, utamaliza kazi? Ikishindwa, basi najua inaihitaji kabisa. Hiyo naifanya mapema, na hakuna hatari."

Tatizo ni kwamba jumla ya kilo ilikuwa imefungwa pamoja na idadi ya wakulima, kana kwamba ni vitu viwili ndani ya gunia moja. Chombo kiliona gunia linahitajika, kikaridhika. Yaliyomo hakikuyagusa.

"Na mimi nimezaliwa hapa," anasema, sauti ikishuka. "Tangu nikiwa mtoto najua hakuna majani inapimwa kabla imwagwe kwa turubai. Bado nilipitisha gunia ikiwa imefungwa."

Omollo, mkuu wake kazini, alitaka njia ya mkato: kila hesabu ipigwe mara moja. Wakajaribu. Mkulima mmoja alikuja na kadi yake ya usajili iliyochakaa, isiyosomeka vizuri, na mashine ikang'ang'ana kutafuta habari ambazo hakuna aliyezihitaji ili apime. Foleni ikasimama, mvua ikawakuta hapo.

"Hiyo ilikuwa makosa yangu," Omollo anakiri. "Tulilazimisha mpaka vitu haikuwa inahitajika."

Kwa miezi mingi tangu hapo Dorine amekuwa akiandika uchanganuzi wake mwenyewe, unaofungua gunia na kuuliza juu ya kila kilichomo. Leo ndiyo siku ya kwanza ya uchanganuzi huo mbele ya wakulima.

"Ikisema lazima na kumbe si lazima, nitakwamisha watu. Ikisema sijui, naiacha isubiri. Sioni aibu kusema sijui."

Ghafla anafunga kompyuta na kusimama. Esnah anateremka polepole, kikapu kikiwa hakijajaa.

"Mama, leo umechuna kidogo?"

"Nusu," Esnah anajibu. "Hiyo ingine nimewacha kwa mti. Majani ikiwa kwa mti haiozi."

Anamwaga, anapekua, anapima. Foleni inapokwisha, karani anabonyeza kitufe, na jumla inatokea papo hapo. Lori linaondoka kungali mchana. Esnah anabaki amesimama, akilitazama mpaka linapotea kwenye kona ya kwenda kiwandani. Kisha anatundika kikapu kitupu mgongoni.

"Kesho tutaona," anamwambia bintiye, na kuanza kupanda.

Dorine ananuia kupeleka kazi yake kwenye vituo vya upande wa Kedowa, kisha aitoe bure kwa yeyote anayetumia lugha hiyo. Lakini akiulizwa anatamani nini hasa, anamfuata mamake kwa macho.

"Huko juu kuna nusu ya shamba haijachunwa," anasema. "Natamani tu kesho nimwone akishuka na kikapu imejaa."