Paa la Plastiki

Namshukuru Mungu aliyenivumilia hadi uzee huu, maana nina jambo la kuungama.

Nilipojenga karakana kando ya nyumba, mabati ya chuma yalinishinda bei, nikaezeka kwa yale ya plastiki yanayopitisha mwanga kama kioo. Nilijiona mjanja sana.

Wiki iliyopita mimi mwenyewe, mzee wa kanisa, niliitisha mfungo wa siku tatu. Siku ya pili tumbo lilininyima utulivu. Nikaketi, nikainuka, nikasoma zaburi moja mara nne bila kuielewa. Mwishowe nikajifungia karakanani na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, na viazi vya kuchemsha. Hata dirisha nilifunga.

Mdomo ukiwa umejaa, nikasikia sauti kutoka kwenye mteremko ulio juu ya karakana, ambako akina mama wa kanisa letu walikuwa wakichuma chai, nao wamefunga kama nilivyowaagiza.

"Mzee," mmoja akaniita kwa upole, "tukuletee chumvi, ama hiyo mursik inatosha?"

Nikainua macho. Walikuwa watano, vikapu mgongoni, wakinitazama kupitia paa.

Mungu akujalie, msomaji wangu, subira kubwa kuliko yangu.