Jiko Jeupe la Mezani

Mnicheke taratibu jamani, mimi nimeshajicheka vya kutosha.

Siku hizi maduka ya Singida mjini yamejaa vitu vya nje, nami nikatamani jiko la umeme. Lilikuwepo moja la chuma kizito, sura mbaya. Nikachagua jeupe, jepesi, la sahani mbili, la kuweka mezani. Muuzaji alichemsha chai juu yake, nikaridhika. Nani huku kwetu anapima jiko kwa chai?

Ugali wa uwele unasongwa kwa nguvu za mabega. Siku ya kwanza nilipokandamiza mwiko, jiko lilitembea mpaka ukingoni mwa meza, nikalizuia kwa tumbo. Nilikuwa nimechagua kwa macho, nikausahau mkono. Tangu hapo ugali nausongea uani, kwenye mafiga, ambayo hayaendi popote. Mume wangu hajui.

Jumapili akaja mama mkwe kutoka Sepuka, ameshasimuliwa jiko hilo na mwanawe mpaka basi. Nikasonga ugali uani, nikafuta masizi ya sufuria, nikaiweka juu ya jiko, ndipo nikamwita.

"Karibu jikoni, mama. Umeme hauna moshi," nilisema, huku macho yakinitiririka machozi ya kuni.

Mama mkwe aliinua sufuria kwa pindo la khanga, akaweka kiganja chake chote juu ya sahani ya jiko, akakiacha hapo, akinitazama.

"Kesho tusonge wote, mwanangu," alisema. "Kule kule uani."