Mkono wa Kushoto

Mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipoanza kazi ya ualimu Msambweni, huko pwani, nilikabidhiwa timu ya wasichana ya mpira wa kikapu. Kwa mkono wa kulia waliudundisha mpira vizuri. Nilipowaambia wadundishe kwa kushoto, wote walisimama tuli.

"Mwalimu, huu ni mkono wa chooni," nahodha alinijibu. Kwao, kumpa mtu kitu kwa kushoto ni kumvunjia heshima, sembuse kumrushia mpira.

Mimi ni mtu wa bara, tena mkaidi. Kesho yake nilitaka kila mmoja aje na leso, yaani khanga, nikawafunga mkono wa kulia kiunoni. Mpira ukawa unawatoroka na kuingia kwenye shamba la mihogo kando ya uwanja, nao wakiufuata wamenuna. Wiki tatu nzima za mazoezi sikulegeza fundo hata moja.

Siku niliyowafungua, nahodha alinijia mbio na mpira, nami nikamzibia upande wa kulia. Akauhamishia mpira kushoto, akanipita, akafunga. Wenzake wakapiga vigelegele. Kisha akauokota mpira, akainama kidogo, akanikabidhi kwa mkono wa kulia.