Magadi ya Mjomba

Mjomba wangu hajawahi kukanyaga darasa la baiolojia, lakini tumbo la mama alijiona analijua kuliko Mungu aliyeliumba. Na kwetu Uluguru, mjomba akishasema, mpwa unafyata ulimi.

Mama anaishi Matombo, juu kabisa, na kupanda na kushuka kwenye migomba kumemmaliza magoti. Magoti niliyashughulikia mimi: kila mwezi nilimtumia vidonge vya maumivu kwa basi kutoka stendi ya Msamvu, mjini. Kisha kikaja kiungulia, na hicho mjomba akakidaka.

Dawa yake? Kijiko cha magadi kwenye maji ya uvuguvugu, halafu kikombe cha maziwa. Mama anabeua, moto unapoa, mjomba anajikohoza kama daktari bingwa. Saa moja haijaisha, moto umerudi. Haya, magadi mengine!

Nilipokwenda likizo nikaona upuuzi huo kwa macho yangu.

"Shikamoo mjomba. Ila hayo magadi hayatibu."

"Marahaba. Mwalimu, umezaliwa umeyakuta."

Nikamfundisha, jamani, kama kidato cha pili. Nikamwambia tumbo linajipima lenyewe. Ukinusa chakula tu, mishipa ya fahamu inaliamsha, linaanza kutoa asidi. Chakula kikiingia, sehemu yake ya chini inatuma homoni kwenye damu: ongeza. Asidi ikitosha, homoni inakatwa. Sasa wewe unaiua asidi kwa magadi, tumbo linadhani halijafanya kazi, linamwaga upya. Na maziwa yanapoza kidogo tu, kisha yanalichochea.

"Hiyo asidi umeiona?" akauliza. Majirani wakaangua kicheko. Nyoo! Nikarudi mjini nimenuna.

Wiki mbili baadaye mama akapiga simu, sauti imekwisha. Choo chake kimekuwa cheusi ti, kama lami. Mjomba amefurahi sana: uchafu wa miaka yote unatoka, aongeze magadi.

"Mama, hiyo ni damu!" Damu ikikutana na asidi tumboni hugeuka nyeusi. Nilifika nikamkuta hawezi kusimama, na mjomba yuko jikoni anakoroga kikombe kingine. Nilimwita mjinga. Mbele ya watu, mjomba mzima, nami sikuona haya hata chembe. Tukampakia mama kwenye gari la ndizi, mjomba akapanda nyuma bila kuambiwa.

Hospitali walimtundikia damu. Daktari, binti mdogo tu, akauliza bibi anatumia nini. Nikawahi kujibu: magadi! Nikaeleza na homoni zake, kwa mbwembwe zote. Hakucheka.

"Magadi hayatoboi tumbo hivi. Vidonge je?"

Mama akafungua fundo la khanga, akatoa pakiti. "Hivi vya magoti. Ananitumia mwanangu. Nameza alfajiri kabla ya shamba, kabla sijala." Alisema kwa fahari, kisha akasinzia.

Daktari akanitazama mimi. Hakuhitaji kunieleza, nami nilikuwa najua. Ukuta wa tumbo una ute unaoukinga usiunguzwe na asidi yake, na vidonge vile huumaliza huo ute, hasa tumbo likiwa tupu. Somo hilo nimelifundisha miaka kumi na miwili, nalisahihisha kwa kalamu nyekundu. Kila mwezi nilikuwa nafunga kifurushi, naandika jina la mama, nakabidhi kwa kondakta.

Mjomba alikuwa kwenye benchi nje, bado ana matope miguuni. Akasimama.

"Daktari kasemaje?"

"Ni magadi," nikamwambia.

Akakaa chini taratibu, akajishika kichwa. "Nilitaka kumuua dada yangu," akasema, akalia kama mtoto. Nami nikasimama pale pale, nikamtazama.

Mama alipona. Kuhusu vidonge nilimwambia vimeadimika mjini, akanielewa, masikini. Mjomba siku hizi hatii magadi hata kwenye mlenda, na nikienda Matombo ananipisha kiti chake, mimi mpwa wake, nami nakikalia.