Nafasi Aliyoishika Babu

Usiku ule nililala na hasira, kucha zangu zimejaa rangi ya zambarau. Kutwa nzima nilikuwa nikihangaika na picha ya mwisho ya Babu, ile aliyofariki akaiacha na kidoa cheupe katikati ya kilima, ukubwa wa kiganja, mahali ambapo brashi yake haikufika. Bibi alitaka imalizwe. Ana mtoto wa jicho, na kila mwezi ukungu unazidi. Aliniambia mbele ya shangazi zangu wote, "Nataka niione imekwisha wakati bado naona. Si ndiye aliyekufundisha?"

Kusema ni rahisi. Babu alichora kisiwa chetu cha Ukerewe maisha yake yote, wala hakuchora pengine popote. Walimwita Mwanza akachore simba na twiga wa kuuzia wageni, akakataa katakata. Alichora mawe, kisha mawe tena, mashamba ya mihogo, michungwa, na hicho kilima cha nyuma ya nyumba. Tena hakuvichora kama mimi na wewe tunavyoviona. Jiwe lilikuwa zambarau, kivuli cha muhogo bluu, njia nyekundu kama goti lililochubuka. Ukimuuliza jiwe la zambarau ameliona wapi, anakujibu, "Amka mapema." Sasa mtu wa majibu kama hayo unammaliziaje picha? Pale penye weupe nilichora jiwe, nikalifuta kwa tapentaini. Nikachora mti, nikaufuta. Mwishowe nikaitupa brashi ukutani, nikaenda kulala bila kula.

Nikajikuta napanda kilima. Majani niliyoyakanyaga yalikuwa rangi mbichi, yananata kwenye soli, nikajua nimo ndani ya picha na wala sikushangaa. Babu alikuwa amesimama juu ya ule weupe, na koti lake la madoadoa ya rangi, miguu ameipanua kama mtu anayezuia kuku wasiingie ndani.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Umechelewa."

Nimebeba jiwe, sijui nimelitoa wapi. Nainama nilitue miguuni pake.

"Hapa kuna mtu," anasema.

Jiwe limekuwa mchungwa mikononi mwangu, na machungwa yake yananidondokea vidoleni. Nataka kuupanda. Anausukuma kwa mguu. "Kuna mtu." Mbuzi anatokea chini, anakuja moja kwa moja kwenye weupe, na Babu anavua koti anampungia kwa hasira. "Kuna mtu! Hata wewe?"

Natazama huku na huku. Hakuna mtu.

Kisha tumo kwenye kivuko. Kilima sikioni tena, ila benchi ni jeupe, na Babu ameketi mwisho wa benchi, ametandaza koti lake kwenye nafasi ya pembeni. Abiria wamebanana, wamesimama na matenga ya machungwa kichwani, wanamlalamikia. "Mzee, tangu tuondoke unasema kuna mtu. Mtu mwenyewe yuko wapi?" Babu ananitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyemchelewesha, na hapo uvumilivu wangu unakwisha.

"Unamshikia nani?" Napiga kelele mpaka abiria wanageuka. "Ulipokuwa hai ulinibebesha kigoda chako cha kuchorea kilima kizima, leo umekufa na bado hunipi pumziko! Sema nichore nini, nimalize, nilale!"

Babu anainamisha kichwa. Usoni mwake naona kitu ambacho sikukiona hata siku moja alipokuwa hai. Anaona haya. Analilaza koti vizuri kwa kiganja, anaondoa mikunjo.

"Mwambie bibi yako aje," anasema. "Nimechoka kumshikia nafasi."

Niliamka nimelowa jasho, alfajiri. Marehemu akimwita aliye hai, kwetu kila mtu anajua hiyo ni habari gani. Niliapa sitasema neno. Nilitoka nje taratibu, lakini Bibi alikuwa ameshaamka, anaanika mihogo juu ya jiwe kubwa la uani, na japo macho yake hayaoni vizuri, uso wangu aliuona.

"Mume wangu, umeota nini?"

Nilijaribu kudanganya, nikashindwa. Nilimwambia yote, hadi lile neno la mwisho. Nilitegemea alie. Bibi akasonya.

"Mzee huyu! Yaani hata kaburini king'ang'anizi kile kile?" Akageuza kipande cha muhogo, akakigeuza tena. "Maisha yangu yote nimemwambia, umechora kila jiwe la kisiwa hiki, mimi mkeo hujanichora hata sikio. Kimya. Halafu siku chache kabla hajaugua ananifuata hapa hapa. Eti nipande nikasimame pale kilimani, kuna mahali ameniachia. Nami nina mihogo juani! Nikamwambia asubiri."

Kile kipande kilibaki mkononi.

"Akasubiri," akasema.

Nilisimama pale kama mjinga. Jana kutwa nzima nilibandika mawe na miti mahali pa bibi yangu. Yeye alishajifuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani, akatoka amevaa kitenge chake cha harusini na fimbo mkononi.

"Chukua rangi zako. Na usinipake zambarau."

Akatangulia, akipapasa njia kwa fimbo, akimgombeza Babu kwa sauti kubwa kila alipojikwaa. Tulipofika nusu ya kilima niligeuka nyuma. Nikamwambia Bibi kwamba mbuzi wa jirani ameshaifikia mihogo.

"Mwache ale," akasema, akaendelea kupanda.